Kikaushio cha saladi: cha kamba, cha kubonyeza au cha mpini?

Saladi ikiingia bakulini inachuruzika maji, hata uikoleze vipi haikolei. Mafuta hayashiki kwenye jani lililolowa; yanateleza yote hadi chini, na limau linazimuka. Kukung'uta kwenye chujio hakutoshi kwa sababu maji hujificha kwenye mikunjo ya jani. Hapo ndipo kikaushio kinapofaa: bakuli la nje, kikapu cha matundu ndani yake, na mfuniko wenye gia unazoziendesha kwa kuvuta kamba, kubonyeza au kuzungusha mpini. Kikapu kikizunguka kwa kasi, maji yanarushwa pembeni na kubaki kwenye bakuli.

Cha kamba hatukipendekezi. Kamba hulowana na kulika pale inapopita kwenye tundu la mfuniko, na ikikatikia ndani huwa vigumu kuirudisha. Cha kubonyeza kwa juu ni kizuri kwa sababu unatumia mkono mmoja, na vingi vina breki, ila maji yakiingia kwenye springi hayatoki upesi. Kwa familia ya watu wanne au watano, chukua cha mpini, cha lita 5 hivi. Kabla ya kulipa, funika na uzungushe kikiwa kitupu. Ukisikia meno ya gia yanarukana, kirudishe palepale. Kikibeba majani kitaruka zaidi. Angalia pia kama mfuniko unafunguka vipande viwili, maana usiofunguka huweka maji ndani na baadaye ukungu.

Matumizi yake yana utaratibu. Weka majani kwenye kikapu, jaza bakuli maji safi na salama (haya yanaliwa mabichi), yapekuepekue kwa mkono, kisha inua kikapu na uache mchanga chini. Ukimwaga vyote pamoja, mchanga unarudi juu ya majani. Rudia hadi maji yatoke meupe. Mboga za masika, zilizorushiwa udongo na mvua, huenda zikahitaji mara tatu. Kisha zungusha sekunde 15, mwaga maji, geuza majani kwa mkono, zungusha tena 15. Usipite nusu ya kikapu. Kikijaa, majani ya katikati hubaki yamelowa na ya pembeni hupondeka. Yakilalia upande mmoja, kifaa kizima kinatembea mezani.

Majani ya saladi na spinachi changa hukauka vizuri sana. Sukuma wiki nayo inafaa: toa uti, kata nyembamba, zungusha, halafu ifikiche kwa chumvi kidogo na limau dakika 2 au 3 hadi ilegee na kung'aa. Hata ya kukaanga inafaidika, kwani ikiingia sufuriani imekauka inakaangika badala ya kuchemka. Kisamvu kisiingizwe kwenye habari hii kabisa. Kibichi kina sumu, lazima kitwangwe na kupikwa vya kutosha.

Kwa gramu 200 za majani makavu, vijiko 3 vya mafuta ya alizeti, kimoja cha maji ya limau na chumvi kidogo vinatosha. Tia dakika ya mwisho, la sivyo majani yatanyauka. Mafuta hayo, au vipande vya parachichi, yanausaidia mwili kufyonza vitamini A na K za majani, na limau linausaidia kupata madini ya chuma. Anayetumia warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, asiongeze mboga za majani ghafla bila kuongea na daktari wake, kwani vitamini K hubadilisha nguvu ya dawa hiyo.

Majani yanayobaki bila kukolezwa yaache kwenye kikapu juu ya kitambaa safi kikavu, funika, weka kwenye friji: siku 3 hadi 5 bila kuteleza, kitu ambacho mfuko wa plastiki wenye maji hauwezi.

Kasoro kubwa ni ukubwa wake. Kinakula nafasi ya sufuria mbili kabatini, kwa hiyo anayekula saladi mara moja kwa mwezi atumie kitambaa: atandaze majani, akunje, apapase taratibu. Anayekula kila siku anunue, na kila jioni aanike mfuniko ukiwa wazi.