Dar, Lushoto, Moshi, Unguja: tulale wapi kwa bei ya kati?

Likizo ya Juni ikikaribia, ndugu na majirani huniuliza swali lile lile: tukitoka Dar na watoto kwenda Lushoto, Moshi, halafu tumalizie Unguja, tulale wapi? Kwa bei ya kati nina maana ya chumba cha watu wawili cha shilingi 40,000 hadi 90,000 kwa usiku.

Kwanza, usichague aina moja ya malazi kwa safari nzima. Kila mahali pana kero yake, na hela yako iende kuitatua kero hiyo. Lushoto kero ni baridi. Moshi ni kukosa nafasi. Unguja ni umbali wa kutoka kitandani hadi kwenye maji. Nikishasema hivyo, malazi yenyewe ninayapanga hivi.

Namba moja ni loji ndogo inayoendeshwa na mwenyewe: vyumba sita au kumi, mwenye mali anaishi uani na simu anapokea yeye. Lushoto ndiko utakapoona faida yake. Mji uko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai hutaki kutoa mkono nje ya blanketi. Ukiuliza kwa simu, "Maji ya moto yapo?", kila mtu atakujibu yapo. Julai moja tulijibiwa hivyo. Tulipofika, hita ilikuwepo kweli ukutani, taa yake nyekundu inawaka, maji yakatoka vuguvugu dakika mbili, kisha yakageuka barafu huku mwanangu wa pili bado ana povu kichwani. Alilia mpaka wageni wa chumba cha pili wakatugongea kuuliza kama kuna mgonjwa. Siku hizi nauliza zaidi: hita ni ya umeme au ya jua? Umeme ukikatika mnafanyaje? Kitandani kuna blanketi ngapi? Mwenye loji aliyezoea wageni hatasita. Atakwambia wanachemsha kwa kuni, na saa kumi na mbili jioni ndoo inaletwa mlangoni, mvuke unapanda, maji yananukia moshi. Chumba cha namna hiyo nitakilipia 70,000 bila kinyongo.

Namba mbili ni hosteli za kanisa, za KKKT (Walutheri) na za Katoliki. Hizi watu wengi huzipita wakidhani ni za mapadri na wanafunzi tu. Wageni wa dini zote wanapokelewa, mashuka ni meupe, gari linalala ndani ya geti, na usiku hakuna muziki wa baa. Kwa familia, Moshi ningeanzia hapo kabla ya hoteli yoyote ya bei hiyo. Uliza tu geti linafungwa saa ngapi na kama chakula cha jioni kinapikwa kwa oda. Zina kasoro moja: semina ikiingia, vyumba vyote vimekwisha. Na ukipanga kwenda Desemba, kumbuka Wachaga wanarudi nyumbani kula Krismasi. Mabasi yanajaa, na ndugu wasioenea kwenye nyumba za kijijini wanashuka kulala mjini. Chumba cha Moshi cha wiki hiyo lipia mwezi mmoja kabla.

Namba tatu, nyumba ya kupanga kwa siku. Kwa usiku mmoja haikulipi, lakini Unguja, mkikaa usiku tatu au zaidi na mko watano, ndiyo hesabu nzuri kuliko zote. Vyumba viwili vya loji kwa 80,000 kila kimoja ni 160,000 kwa usiku, na bado hamjala mchana wala jioni. Nyumba ya vyumba viwili yenye jiko mkiipata kwa 150,000, samaki mnanunua sokoni na wali mnapika wenyewe. Kama ni Ramadhani jiko hilo ni la lazima, maana mchana migahawa mingi imefungwa na watoto wadogo lazima wale.

Ila angalia nyumba iko wapi. Paje na Jambiani, pwani ya mashariki, mara nyingi bei ni ya chini kuliko Nungwi ya kaskazini, lakini maji yakipwa yanakwenda mbali sana, na siku za bamvua, yaani maji yanapojaa na kupwa kuliko kawaida, mtoto anatembea muda mrefu kwenye mchanga na mwani kabla ya kulowa magoti. Wangu walipenda, waliokota kaa mchana kutwa. Kama wako wanataka kuogelea saa yoyote, ongeza hela ulale Nungwi au Kendwa. Mji Mkongwe gari haliingii kwenye vichochoro, kwa hiyo kama mnasafiri na bibi uliza chumba kiko ghorofa ya ngapi kabla ya kuuliza bei.

Hoteli za kando ya stendi ni za usiku mmoja tu, basi likichelewa au likiondoka alfajiri. Gesti naziweka mwisho. Kwa msafiri wa peke yake zinatosha, lakini kelele za wanaoingia na kutoka usiku si za watoto, na nyingi haziruhusu watu wawili wa jinsia moja kulala chumba kimoja, hata kama ni ndugu wa tumbo moja.

Popote utakapofika, usitoe hela kabla hujaingia chumbani. Fungua bomba, inua shuka, shusha chandarua chote mpaka chini. Ukikuta tundu limefungwa fundo, omba chandarua kingine palepale.

Bei za Unguja za kwenye mtandao nyingi ni za watalii. Piga simu, sema una kitambulisho cha NIDA, uliza bei ya mkazi na kama kodi na tozo zimo. Masika, kati ya Machi na Mei, usiogope kuomba punguzo, kwani vyumba vingi viko wazi. Malipo ya awali tuma kidogo, kwa lipa namba, na kabla ya kuweka namba ya siri soma jina linalotokea kwenye simu. Kama si jina la loji, wala la mtu uliyeongea naye, futa na upige tena.