Chupa na katoni: wekeza wapi kwanza?

Chukua asali ya Tabora. Kifungashio cha kwanza ni chupa, ndiyo inayogusana na asali yenyewe. Asali hunyonya unyevu wa hewani, na maji yake yakizidi kama asilimia 20 huanza kuchacha. Kwa hiyo mfuniko usiokaza ni hasara hata lebo ing'ae vipi. Laza chupa usiku kucha juu ya karatasi nyeupe; asubuhi ukikuta duara linalonata, tafuta mfuniko mwingine.

Kifungashio cha pili ni katoni, tuseme ya chupa 12 za gramu 500. Hapo tayari una kilo 6 za asali, bado uzito wa vioo. Katoni hailindi ladha. Inabeba, inarahisisha kuhesabu na inazuia chupa zisigongane, ndiyo maana vile vigawanyo vya ndani si mapambo. Mnunuzi wa chupa moja huenda asiione kabisa, lakini mwenye duka la jumla huanza na hiyo.

Hata msimbo wa mistari (barcode) hutofautiana. Wa chupa, ukisajiliwa Tanzania, huanza na 620. Katoni hupewa namba yake, ghala lisije likaihesabu kama chupa moja.

Paleti, yaani jukwaa la kupangia katoni, na nailoni ya kuzungushia ni ngazi ya tatu, mwachie anayejaza lori.

Hela ikiwa kidogo, mimi ningeimalizia kwenye chupa na mfuniko. Katoni ya kahawia isiyochapishwa, iliyogongwa muhuri wa mpira, inatosha kuanzia. Ila isiwe iliyowahi kubeba sabuni.