Redio ya Android au Raspberry Pi kwenye gari?

Kwa Noah ya abiria ya Buzuruga hadi Sengerema, funga redio ya Android ya dukani. Inakula volti 12 za gari moja kwa moja na FM imo.

Raspberry Pi 4, kompyuta ndogo ya bodi moja, ni ya mwenye gari lake na subira. Inataka volti 5 na ampea 3, kwa hiyo utahitaji kipunguza volti. FM haina, na spika bila amplifaya hazitoi kitu cha maana. Ugonjwa wake hasa uko kwenye swichi: ukizungusha ufunguo kuzima gari, umeme unakatika ghafla na kadi ya kumbukumbu inaweza kuharibika. Weka saketi ya kuizima taratibu, usibishane. Ila programu ya Kodi ya kuchezea muziki na video ikishakaa, muziki na filamu unapanga utakavyo. Gari langu ningeliwekea hiyo, la biashara hapana.