Mbolea ya SA ya kukuzia ufuta: nimeipa nyota nne

Miaka yote ufuta wangu nimeukuzia kwa urea, kwa sababu ndiyo niliyoizoea kwenye mahindi. Msimu wa juzi niliimwaga nyingi. Shamba likawa kijani la kupendeza, mimea ikanipita kimo, kisha upepo wa jioni moja ukailaza. Kileleni ilikuwa bado inachanua, huku maganda ya chini yameshapasuka na kumwaga mbegu. Iliniuma sana, maana ufuta uliolala hivyo huwezi kuuvuna wote.

Safari hii nikanunua mfuko wa SA, yaani salfeti ya amonia, nikagawa ekari moja katikati. Pande zote mbili nilipandia DAP, mbolea ya kupandia, mfuko mmoja wa kilo 50 kwa ekari nzima, nikaifukia kwenye mfereji kabla ya kudondosha mbegu. Mbegu ya ufuta ni ndogo mno. Ikigusana na DAP inaungua. Wiki ya nne, nimeshapunguza miche na kupalilia, udongo una unyevu, upande mmoja nikaweka kilo 25 za SA na mwingine kilo 11 na nusu za urea. SA ina naitrojeni asilimia 21, urea 46, kwa hiyo kila upande ulipata kilo 5 na ushee za naitrojeni.

Maua yalipoanza ndipo nikaona. Upande wa urea majani machanga ya juu yalipauka yakawa njano, ya chini yakabaki kijani. Hapo nikasimama nikayatazama kwa muda, kwa sababu njaa ya naitrojeni huanzia majani ya chini. Ikianzia juu, cha kwanza kushuku ni salfa. SA ina salfa asilimia 24; urea haina kabisa. Ufuta nao ni zao la mafuta, karibu nusu ya uzito wa mbegu ni mafuta, na mazao ya namna hii huihitaji salfa hasa. Udongo wangu ni wa kichanga, mvua huiosha upesi. Mwenye udongo mzito uliokula samadi miaka mingi huenda asione tofauti yoyote.

Mavuno, baada ya kupepeta: kilo 168 upande wa SA, 141 upande wa urea. Ni shamba moja, msimu mmoja, lakini mimi nimeridhika. Chembe za SA ni kama sukari, hazikushikana mabonge, na mfuko uliobaki bado mkavu.

Nyota ya tano nimeizuia kwa mambo mawili. Kwanza uzito: kupata naitrojeni ya mfuko mmoja wa urea unabeba zaidi ya miwili ya SA. La pili ndilo kubwa, inaongeza tindikali kwenye udongo. Wangu ulipimwa ukawa na pH 6.1 (kipimo cha tindikali; namba ikishuka, tindikali imezidi), na ufuta huvumilia kuanzia 5.5 hivi, kwa hiyo nafasi ninayo, ila nitapima tena kabla ya msimu wa tatu. Ambaye pH yake iko chini ya hapo aanze na chokaa ya kupunguza tindikali, tena mapema, asiichanganye na SA. Nilichanganya kidogo kwenye ndoo, harufu ya amonia ikanichoma macho papo hapo. Ile ilikuwa naitrojeni yangu inapaa.