Wiki sita katika milima ya Totonicapán: uzoefu wangu wa programu ya kujitolea

Mwaka jana, kuanzia wiki ya mwisho ya Juni hadi mapema Agosti, nilishiriki programu ya kujitolea kwa vijana wa miaka 16 hadi 19 katika nyanda za juu za magharibi mwa Guatemala. Tulipelekwa kwenye kijiji cha Wak'iche' katika mkoa wa Totonicapán, karibu mita 2,500 juu ya usawa wa bahari. Wak'iche' ni mojawapo ya jamii za Wamaya, na lugha yao ni moja kati ya lugha 22 za Kimaya zinazotambuliwa nchini humo. Ninaandika kwa ajili ya kijana, au mzazi wake, anayefikiria kulipa ada ya programu ya namna hii, na maoni yangu nitayasema mapema: kazi tuliyopangiwa na wanakijiji ilistahili safari, na ile iliyopangwa ofisini na shirika lililotupeleka haikustahili.

Safari yenyewe ilitangazwa kuwa ya likizo ya kiangazi, na neno hilo lilitupotosha hata katika kufunga mizigo. Mvua za Guatemala huanza Mei na kuendelea hadi Oktoba, na wenyeji huyaita majira hayo ya baridi. Asubuhi jua liliwaka vizuri, alasiri mvua ikashuka kwa kishindo, na usiku baridi ilipenya hadi ndani ya blanketi. Ukienda, chukua buti na koti la mvua kabla ya kitu kingine chochote.

Nililala katika nyumba ya familia ya watu sita. Mama mwenyeji nilimwita nan na mumewe tat, kwa kuwa miongoni mwa Wak'iche' mtu mzima haitwi kwa jina tupu, jambo ambalo kwangu halikuhitaji mafunzo. Nilijifunza pia kusema maltyox, yaani asante, kwa kila aliyekuwepo mezani baada ya kula, na wala si kwa mpishi peke yake. Kihispania changu cha shuleni kilitosha kwa wazazi na watoto, lakini bibi wa nyumba hiyo alizungumza Kik'iche' tu, na jioni nyingi nilikaa karibu naye nikimtazama akifuma kwa mtambo ambao upande mmoja hufungwa kwenye nguzo na upande wa pili huzungushwa kiunoni mwa mfumaji. Shirika lilitufundisha Kihispania cha ziada kwa siku tatu kabla ya kufika kijijini, ila halikutufundisha hata salamu moja ya Kik'iche'. Hilo ni pungufu kubwa, na lingeweza kurekebishwa kwa saa chache tu.

Jambo lililobadilisha kabisa jinsi nilivyoitazama programu hii nililikuta katika nyumba hiyo hiyo. Tat alikuwa katika mwaka wake wa utumishi. Totonicapán ina utaratibu uitwao k'ax k'ol, ambapo kila familia, zamu yake ikifika, hutoa mtu wa kukitumikia kijiji bila mshahara kwa mwaka mzima: akasimamia mabomba ya maji, akalinda msitu wa jumuiya, akapeleka barua za wito, au akawa kiongozi wa kijiji na kushika fimbo ya mamlaka. Ndani ya jina lenyewe mna neno k'ax, linalomaanisha maumivu. Msaragambo wetu unafanana nao, lakini msaragambo ni wa siku moja au mbili, ilhali tat alikuwa ameiacha karakana yake ya useremala mikononi mwa mwanawe tangu Januari ili azungukie chemchemi na matangi. Viongozi wanaopatikana kwa utaratibu huu ndio huunda baraza linalojulikana kwa Kihispania kama 48 Cantones, lile lililokuwa mstari wa mbele barabara zilipofungwa kote nchini kuanzia tarehe 2 Oktoba 2023, kupinga jitihada za kubatilisha ushindi wa Bernardo Arévalo katika uchaguzi wa urais.

Katika vitabu vyote vya maelekezo tulivyopewa, utaratibu huu haukutajwa. Tuliambiwa kwamba tunakwenda kuamsha moyo wa kujitolea. Nilipokuwa nikila pamoja na mtu aliyekitumikia kijiji chake mwaka mzima bila kulipwa, sentensi hiyo ilinitia aibu, na ninaamini shirika lolote linalopeleka vijana Totonicapán lina wajibu wa kuifuta na badala yake kueleza k'ax k'ol katika ukurasa wa kwanza.

Bahati yetu ni kwamba kamati ya kijiji ilidai sehemu ya ratiba iwe chini yake, na wiki hizo tatu ndizo ninazozisifu. Msimu wa mvua ndio wakati wa kupanda miti, hivyo tulibeba miche kutoka kwenye kitalu hadi kwenye msitu wa jumuiya, kila mtu na kreti yake mgongoni, tukiwa nyuma ya walinzi wa msitu wanaojua mti gani unafaa kwenye mteremko upi. Hakuna aliyetupongeza kupita kiasi. Tulihesabiwa kama mikono mingine iliyoitikia wito, na wachovu waliruhusiwa kuketi. Mlinzi mmoja alinionyesha chemchemi inayolisha bomba la nyumba niliyolala, na tangu hapo nilielewa kwa nini kukata mti bila idhini huko ni kosa mbele ya kijiji kizima.

Kazi ya pili ilikuwa kujenga majiko. Nyumba kadhaa zilikuwa bado zinapika kwa mafiga matatu ndani ya chumba kisicho na dirisha, na nilipoingia katika jiko la namna hiyo mara ya kwanza sikuweza kukaa kwa dakika tano. Fundi mwashi wa kijijini alijenga, sisi tukachanganya udongo na saruji, tukapitisha matofali na kushikilia dohani wakati akiifunga. Alikuwa mkali kuhusu jambo moja: kila familia ilipaswa kuonyesha kwamba inaweza kuifungua dohani na kuisafisha masizi, vinginevyo hakukabidhi jiko. Baadaye nilisoma kuhusu utafiti uliofanywa katika mkoa wa San Marcos, magharibi zaidi, ambapo familia zaidi ya 500 zilifuatiliwa kuanzia 2002, nusu zikiwa na majiko ya dohani na nusu zikiendelea na moto wa wazi. Nimonia kali kwa watoto ilipungua kwa takriban theluthi moja, lakini punguzo la nimonia kwa jumla halikuwa kubwa kiasi cha kuthibitika. Moshi ulipungua bila kwisha. Nadhani fundi yule alilijua hilo kwa macho yake bila kusoma popote.

Wiki mbili za shule, kwa upande mwingine, singependa zirudiwe na kundi lolote. Mwaka wa masomo wa Guatemala huanza Januari na kwisha Oktoba, kwa hiyo likizo yetu ilikuwa katikati ya masomo ya wenzetu. Tuliwekwa mbele ya darasa la nne kufundisha Kiingereza, huku mwalimu wao, anayefundisha kwa Kik'iche' na Kihispania, akiketi nyuma akitusubiri. Watoto walifurahi, sikatai. Lakini walipoteza saa 20 za hesabu na kusoma ili sisi tupate kuitwa walimu, na kundi lililotutangulia lilikuwa limewafundisha rangi zile zile na nyimbo zile zile. Nilimwomba mratibu atuondoe, akanijibu kwamba kipindi cha shule ndicho wazazi wetu hukipenda zaidi katika picha.

Kuhusu fedha, mama mwenyeji aliniambia kwamba familia ililipwa quetzal 60 kwa siku kwa chakula na malazi yangu. Ada yangu, ikigawanywa kwa siku, ilizidi kiasi hicho mara kumi. Ninaelewa kwamba bima, usafiri na mishahara ya waratibu hugharimu, ila nilipouliza mgawanyo wake sikupewa hesabu yoyote. Uliza kabla ya kulipa, tena kwa maandishi.

Usalama ulisimamiwa vizuri. Tulikunywa maji yaliyochemshwa, na malaria haikutusumbua kwa kuwa nchini Guatemala ugonjwa huo hupatikana katika maeneo ya chini. Anayetoka katika nchi yenye hatari ya homa ya manjano asisahau cheti cha chanjo. Marufuku ya kupiga picha watoto bila ruhusa ya wazazi ilifuatwa kwa ukali, na ina historia nzito: Aprili 2000, huko Todos Santos Cuchumatán, uvumi wa wizi wa watoto ulisababisha umati kumuua mtalii wa Kijapani na dereva Mguatemala.

Nilipokwisha kurudi nilitumiwa fomu ya tathmini yenye maswali kuhusu kitanda, chakula na ukarimu wa waratibu. Hapakuwa na swali kuhusu majiko wala miche, na nilipouliza, niliambiwa kwamba kamati ya kijiji haipewi fomu ya kujaza. Niliijaza yangu, nikaandika chini yake majina ya nyumba tisa tulizojengea majiko, na nikaomba mtu apelekwe Januari, kabla tat hajakabidhi zamu yake, kuangalia kama dohani bado zinasafishwa.