Nautilus Live: anza na yule samaki mkunga mwenye kinywa kama kimia cha kuvulia

Kama nyumbani una babu au mzee yeyote aliyewahi kuvua, fungua Nautilus Live ukae naye muangalie. Ni bure, iko YouTube na kwenye tovuti yao, mi nimeifuatilia miezi sasa na nyota tano natoa bila kusita. Ni matangazo ya meli ya utafiti ya taasisi aliyoianzisha Robert Ballard, yule aliyeongoza kuikuta Titanic mwaka 1985, wanashusha roboti mpaka chini huko na kila kamera inachoona na wewe unakiona laivu, halafu unawasikia wanasayansi wanavyobishana hiki ni nini na kile ni nini.

Ya kuanzia ni ile video ya Septemba 2018, hifadhi ya Papahānaumokuākea huko Hawaii. Nilimwekea babu hapa Tanga, nikampa simu aishike mwenyewe. Kina kama mita 1,400, giza tupu, mara kwenye taa ya roboti linatokea dude jeusi la mviringo limevimba na babu hapohapo akasema, "Bunju huyo," yule samaki anayejivimbisha. Nikamwambia subiri babu. Lile dude likaachama, yaani kumbe sehemu yote ile ilikuwa kinywa, likaanza kusinyaa kama mfuko unaotoka upepo, halafu nyuma yake ukaonekana mkia mrefu mwembamba, likaondoka linajinyonganyonga. Babu akainua kichwa, "Ah, mkunga!" Na wale wanasayansi wenyewe mwanzoni hawakumtambua, unawasikia wanaulizana na kucheka kwa furaha, na hicho ndo kinanifanya niipende hii chaneli, watu wamesoma miaka na bado bahari inawashangaza mbele yako.

Basi nikaanza kumsoma. Anaitwa Eurypharynx pelecanoides, hilo neno la pili wamemfananisha na ndege mwari kwa ajili ya kinywa. Yuko karibu bahari zote za joto, hata hii yetu ya Hindi, zaidi mita 500 mpaka 3,000 kwenda chini. Urefu kama sentimita 75, wengine wanakaribia mita, hana magamba wala mbavu, macho madogo sana, na taya peke yake ni kama robo ya mwili. Babu akauliza kinywa chote hicho anakula nini, papa? Nikamwambia hapana, matumboni mwao wanakuta zaidi vidudu vya jamii ya uduvi na kamba, na meno yake madogo mno. Akafikiri kidogo akasema, "Basi hicho ni kimia." Na kweli, ndivyo wataalamu wanavyoamini, anaachama anazoa maji na vilivyomo, anafunga, maji yanatokea kwenye matamvua chakula kinabaki.

Kilichomgusa zaidi ni mkia. Kwenye ncha kuna kiungo kinachotoa mwanga wa waridi na mara mojamoja unawaka mwekundu, inadhaniwa anavutia chakula. Babu amevua dagaa kwa karabai miaka mingi sana, alinyamaza kabisa, kisha akaniambia rudisha nyuma nione mkia tena.

Watoto wao ni kama jani jembamba linaloonyesha upande wa pili, wanaishi juujuu huko mita 100 au 200 ndo washuke wakikua. Dume akikomaa taya na meno vinadhoofika ila pua inakuwa kubwa, inaaminika anamtafuta jike kwa harufu na wakishazaa wanakufa.

Sasa ujue laivu si kama ile video fupi. Unaweza kukaa saa nzima unaona matope na jiwe moja, na maongezi ni Kiingereza, mi namtafsiria babu. Lakini aliyezoea kukaa na mshipi hachoki. Zile nukta mbili za leza zinazoonekana chini zimeachana sentimita 10, ndo kipimo chao, babu huzitumia kukadiria kila samaki anayepita. Bando linakwenda haraka, shusha ubora wa picha mpaka wa chini, bado utaona.

Wakiwa Hawaii, saa tatu asubuhi yao ni saa nne usiku kwetu. Babu hulala saa mbili. Ameniambia wakishuka nimwamshe.