Paneli yangu ilikuwa inatazama Tukuyu: uzoefu wangu na sola

Nguzo za umeme kwetu Isyonje, kati ya Mbeya iliyo kaskazini na Tukuyu iliyo kusini, zimeishia barabarani, na nyumba yangu iko bondeni. Mwaka jana mwezi wa pili, nilipouza viazi, nikanunua sola pale Mwanjelwa, Mbeya mjini: paneli ya wati 150, betri ya jeli ya volti 12, ampea 100, kontrola (kile kifaa kinachosimamia chaji ya betri) na taa tano. Pamoja na hela ya fundi, laki sita na nusu.

Miezi ya mwanzo nilifurahi mno. Ikaja Juni. Ukungu asubuhi, lakini mchana jua linawaka vizuri, na bado ikifika saa mbili usiku kontrola inaonyesha taa nyekundu, nyumba inazima. Binti yangu yupo darasa la saba. Alirudi kusomea koroboi, asubuhi anaamka puani masizi matupu. Iliniuma sana. Dukani wakaniambia betri imekufa, ninunue nyingine.

Kabla sijatoa hela nikamwita fundi mwingine, mzee wa makamo. Akapanda juu ya bati na mita yake. Akapima umeme unaotoka kwenye paneli. Saa sita mchana, wingu hakuna: ampea 4.7 tu.

"Mama, paneli yako inatazama Tukuyu, na jua la Juni liko upande wa Mbeya."

Yule fundi wa kwanza aliifunga upande wa kusini kwa sababu ndipo ngazi ilipofika kirahisi. Sisi tuko kusini mwa ikweta, kwa hiyo kuanzia Machi mpaka mwanzoni mwa Oktoba jua la mchana linapita kaskazini yetu. Februari linakuwa karibu na utosi, ndiyo maana sikuona tatizo. Tukaihamishia upande wa pili wa paa, tukakata na tawi la mparachichi lililokuwa linatia kivuli pembeni. Kivuli kidogo tu kwenye paneli kinakula umeme mwingi. Akapima tena: 7.6. Paneli ile ile, jua lile lile.

Betri sikununua. Ila imechoka kidogo, maana betri za aina hii hazitakiwi kushuka chini ya nusu, na yangu ilishuka mwezi mzima. Hilo bado linaniudhi.

Vifaa vyenyewe navisifia kabisa. Jumamosi shemeji yangu anafungiwa yake, na mimi nitakuwa pale chini ya ngazi tangu asubuhi, nikimwonyesha fundi Mbeya iko wapi.